Kuacha dawa peke yake si kilimo hai



Leo sitatoa ratiba ya kupanda wala kiasi cha mbegu kwa ekari. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo zuri ambalo naona tunaliharibu wenyewe kabla halijakomaa. Jambo lenyewe ni bustani hai ya mboga na viungo, ile ya nyuma ya nyumba, inayolisha familia na kubakiza mafungu machache ya kupeleka gulioni.

Siku hizi neno "hai" limekuwa tamu mdomoni. Kila gulio utasikia, "Njoo mama, hizi hazina dawa, ni za asili kabisa." Ukimfuata mkulima wake hadi bustanini unakuta kilimo hai chake ni kitu kimoja tu: ameacha kununua dawa. Mboji hana, matandazo hana. Chainizi anaipanda pale pale kwa mwaka wa tatu mfululizo. Wadudu wakija anawatazama, na msimu ukiisha vibaya anasema kilimo hai hakilipi. Msimu unaofuata anarudi dukani kwa hasira, ananunua sumu kali kuliko ile ya mwanzo, na anapulizia bila kipimo ili alipize kisasi.

Msimamo wangu ni huu: kuacha dawa ni sehemu ya mwisho ya kilimo hai, wala si ya kwanza. Anayeanzia hapo anajenga nyumba kwa kuezeka paa kabla ya msingi. Na hasara haiishii kwake. Watoto wanakosa mboga, mnunuzi anadanganywa, na jirani aliyekuwa anatazama kwa mbali anakata tamaa kabla hajajaribu.

Tundu kwenye jani si cheti

Tuanze na uongo mdogo tuliouzoea. Muuzaji anashika fungu la sukuma wiki lililotobolewa, anasema, "Unaona? Mdudu amekula, maana yake halina sumu." Mnunuzi anaamini.

Fikiri kidogo. Tundu linakueleza kwamba siku fulani kiwavi alikula hapo. Halikuelezi kilichofanyika baada ya kiwavi kula. Wakulima wengi hupulizia baada ya kuona matundu, kwa hiyo jani lililotoboka huenda ndilo lililopuliziwa juzi. Kwa upande mwingine, jani zima lisilo na tundu linaweza kuwa limetoka kwenye tuta lenye udongo mzuri na mkulima anayekagua mboga zake kila asubuhi. Tundu halithibitishi lolote.

Wapo pia wanaosema, "Nitaiosha tu." Kuosha ni lazima kwa mboga yoyote, lakini dawa nyingine huingia ndani ya mmea na kusafiri pamoja na maji yake. Hiyo haioshwi. Ndiyo maana kwenye lebo ya kila kiuatilifu kuna siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Anayepulizia Jumatano na kuvuna Jumamosi kwa sababu gulio ni Jumapili, huku lebo inamtaka asubiri wiki mbili, anamlisha mwenzake sumu hata kama hana nia mbaya.

Kazi inaanzia chini

Mmea wenye njaa hushambuliwa kwa urahisi na huchelewa kupona. Kwa hiyo swali la kwanza la kilimo hai ni hili: udongo wako unakula nini? Ukiniambia umeacha mbolea ya dukani na dawa ya dukani, nami nikauliza umeweka nini badala yake ukakaa kimya, basi huo si uhai. Unachimba akiba iliyokuwamo kwenye udongo mpaka iishe.

Bustani ya nyumbani ina bahati ambayo shamba la mahindi la ekari tatu halina: chakula chake kinapatikana hapo hapo. Kuna samadi ya mbuzi na kuku, maganda ya ndizi, majani makavu, mabua, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, na majivu ya jikoni. Vingi kati ya hivi tunavichoma kila asubuhi tukidhani tunafanya usafi. Mimi nikiona moshi wa majani uani kwa mtu anayelalamika udongo wake umechoka, huwa nasikitika sana.

Mboji si kazi ya kitaalamu. Chagua mahali penye kivuli. Panga tabaka la chini la mabua yaliyokatwakatwa ili hewa ipite, kisha majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu ya kunyunyizia tu. Rudia tabaka hizo, kila moja ukiimwagia maji, mpaka lundo lifike urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Lundo fupi kuliko hapo halitunzi joto. Funika kwa nyasi au majani ya migomba. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi, ikiwa kavu na ina ukungu mweupe, ongeza maji, ikiwa ya baridi na inanuka, lundo limelowa mno, lipindue upate hewa. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kawaida ndani ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, laini, chenye harufu ya udongo wa msituni.

Kipimo changu kwa mboga ni debe moja la lita 20 la mboji iliyoiva kwa kila mita nne za mraba, kabla ya kila upandaji. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi linahitaji madebe mawili na nusu. Kama mboji yako inatosha tuta moja, basi una tuta moja la kilimo hai. Usilime matuta sita kwa mboji ya tuta moja. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa kuanza na ukubwa wa ndoto badala ya ukubwa wa lundo.

Kisha funika udongo. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hutunza unyevu, hupunguza magugu na huzuia matone ya mvua kurusha udongo wenye magonjwa kwenye majani. Wakati wa kiangazi tuta la mita kumi za mraba linaweza kutaka madebe mawili hadi matatu ya maji kwa siku. Kama maji unayabeba kichwani, matandazo ni shingo yako unaiokoa.

Chagua mmea unaotaka kuishi kwako

Mtu akiniambia, "Bwana shamba, nataka kuanza bustani hai, nianze na nyanya," huwa namwambia aniache nipumue kwanza. Nyanya ni mtihani mgumu. Tangu kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, hata wenye mabomba na dawa za kila rangi wanatoka jasho. Kuna ukungu wakati wa mvua, na kuna mnyauko bakteria unaokaa kwenye udongo kwa miaka. Mtu akianza na nyanya akashindwa, hasemi nyanya imenishinda. Anasema kilimo hai kimenishinda.

Anza na mboga zetu. Mchicha ukiung'oa uko tayari kwa wiki tatu hadi nne tangu kusia. Ukiuchuma majani na vikonyo unakulisha muda mrefu zaidi. Mnavu, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga na matembele vimezoea jua letu na udongo wetu. Kisamvu kinasimama kiangazi wakati vingine vimelala. Ngogwe zikikubali mahali, utachuma mpaka uchoke. Hizi ndizo mboga ambazo kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha kimezifanyia utafiti kwa miaka mingi, na siyo kwa sababu ni chakula cha maskini. Ni kwa sababu zina madini ya chuma na virutubisho vinavyogeuka vitamini A mwilini, na zinazaa bila kubembelezwa. Isipokuwa kisamvu, zipike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A hailiki vizuri mwilini bila mafuta.

Viungo viweke kwenye pindo za bustani na karibu na mlango wa jiko. Mchaichai unashika udongo wa mteremko na hauna shida na mtu. Mnanaa unapenda mahali panapomwagwa maji, ila uuzungushie mpaka, la sivyo utachukua bustani yote. Giligilani, vitunguu vya majani, rozimeri, mrehani na tangawizi vinachukua nafasi ndogo na vina soko kwa mama lishe na wauza chai. Kwa mfanyabiashara wa kijijini viungo vina faida moja zaidi: mchaichai na rozimeri ukikausha kivulini vizuri, hulazimiki kuuza leo kwa bei ya kutupa kwa kuogopa vitaoza kesho.

Halafu jua undugu wa mimea. Nyanya, mnavu, ngogwe, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri ni ukoo mwingine. Ukitoa nyanya ukapanda mnavu hujabadilisha kitu. Ugonjwa umebadilishiwa sahani tu. Baada ya ukoo wa nyanya panda kunde au maharage, kisha mchicha, kisha ukoo wa kabichi. Andika kwenye daftari tuta gani lilikuwa na nini. Kichwa husahau.

Kuhusu mbegu, mbegu chotara si dhambi, lakini ukivuna mbegu zake na kuzipanda tena hazitakupa mmea ule ule. Kwa bustani ya nyumbani napenda aina ambazo mbegu zake unaweza kutunza mwenyewe, kama mchicha, mgagani, kunde, na hata nyanya za Tanya au Tengeru 97 siku utakapokuwa tayari kwa nyanya. Mbegu utakazotunza zichukue kwenye miche bora kuliko yote, si kwenye masalia uliyoshindwa kuyauza.

Dawa za asili nazo ni dawa

Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kuna imani kwamba kitu kikitoka kwenye mti hakidhuru. Si kweli. Maji ya tumbaku yana nikotini, na nikotini ni sumu kali inayopita hata kwenye ngozi. Tena tumbaku inaweza kubeba ugonjwa wa virusi na kuupeleka kwenye nyanya na pilipili kupitia mikono yako. Mimi simshauri mtu yeyote apulizie maji ya tumbaku kwenye mboga za kula. Majivu nayo ni mazuri kidogo kidogo, hasa kuzunguka shina dhidi ya sota, lakini ukimwaga kila siku unaubadilisha udongo kuwa wa magadi, na mboga zitadumaa huku ukishangaa.

Mwarobaini unafaa, ukijua unavyofanya kazi. Twanga mbegu kavu, gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, pulizia jioni siku hiyo hiyo unayochuja. Jioni, kwa sababu jua linauharibu haraka. Wala usitegemee viwavi waanguke mbele ya macho yako. Mwarobaini huwafanya waache kula na washindwe kukua. Wengi wanapulizia saa nne asubuhi, wanarudi saa sita wanakuta kiwavi bado anatembea, wanasema ni porojo.

Kwa vidukari, maji yenye sabuni kidogo, vijiko vya chai kimoja hadi viwili vya sabuni ya maji kwa lita moja, yanatosha, ukipulizia chini ya majani walipo. Jaribu majani machache kwanza usubiri siku moja, na mboga uisafishe kwa maji safi ikivunwa. Ila dawa ninayoiamini kuliko zote ni kukagua. Dakika kumi asubuhi, geuza majani, ponda mayai kwa kidole, okota viwavi, ng'oa mche uliougua. Kwa shamba la ekari hilo haliwezekani. Kwa matuta matatu nyuma ya nyumba linawezekana, na ndiyo sababu nasema kilimo hai kinafaa kuanzia hapo.

Jihadhari pia na chupa za dukani zilizoandikwa "ya asili" au "hai" bila namba ya usajili. Kila kiuatilifu kinachouzwa nchini, kiwe cha asili au cha kiwandani, kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Chupa isiyo na lebo inayosomeka iache rafuni.

Hai haimaanishi safi

Naomba hili msilipite. Mboga isiyo na dawa inaweza kukulaza hospitali kama imekuzwa kwa samadi mbichi au imenyeshewa maji ya mfereji wa maji machafu. Samadi mbichi ina vimelea na mayai ya minyoo. Giligilani, vitunguu vya majani na saladi tunavila vibichi au vikipitishwa motoni kidogo tu, kwa hiyo hakuna sufuria ya kutuokoa.

Sheria za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ifukiwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Huo ni muda wa miezi minne. Mchicha hauwezi kusubiri miezi minne. Maana yake, kwa bustani ya mboga za majani, samadi ipitie kwenye lundo la mboji kwanza, ipate joto, igeuzwe, iive. Kinyesi cha binadamu, cha mbwa na cha paka visiingie humo kabisa.

Maji ya kuoshea vyombo yanaweza kusaidia wakati wa kiangazi, lakini yamwagie kwenye udongo karibu na mizizi, siyo kwenye majani, na yasiwe na sabuni nyingi. Mboga za kuuza zioshwe kwa maji ambayo wewe mwenyewe ungekunywa yakichemshwa. Kuosha mchicha mtaroni kisha kuuita hai ni matusi kwa mnunuzi.

Kwako wewe muuzaji

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno "hai" tumeanza kulitembeza mno.

Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha bidhaa za kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake inaitwa KilimoHai. Tanzania wanaoratibu mambo haya ni TOAM, Kenya ni KOAN, Uganda ni NOGAMU. Kiwango hicho hakiruhusu mbolea za viwandani, viuatilifu vya viwandani wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kinataka kipindi cha mpito kwa shamba lililokuwa likitumia vitu hivyo. Aliyepulizia msimu uliopita hawezi kujiita hai leo asubuhi. Kuna pia mfumo shirikishi wa uhakiki, ambapo wakulima wa kundi moja wanakaguana kwa kutembeleana na kwa daftari, bila gharama kubwa ya kampuni ya ukaguzi. Kwa vikundi vyetu vya kijijini njia hiyo ndiyo ninayoiona inafaa.

Kama huna hayo yote, usikate tamaa, lakini pia usiseme uongo. Sema unachokijua. "Hizi zimelimwa kwa mboji, hazijapuliziwa dawa ya dukani msimu huu, nimemtembelea mkulima mwenyewe." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "hai", lakini mteja akikubana una pa kusimama. Kabla hujainunua mboga, muulize mkulima maswali matatu: Udongo umeulisha nini? Mara ya mwisho ulipulizia nini na lini? Unanyeshea maji gani? Anayesitasita kwenye swali la pili, mboga yake iuze kama mboga ya kawaida.

Na usichanganye. Najua jinsi inavyokuwa: umeahidi mafungu thelathini, mkulima wako ameleta ishirini, na pembeni kuna mchicha wa bei nafuu usiojulikana umetoka wapi. Mafungu kumi yale yanakuingizia hela ya siku moja. Mteja wa kila wiki akijua, anaondoka na majirani zake watano. Afadhali useme leo zimeisha. Mboga iliyoisha mapema humfanya mteja awahi wiki ijayo.

Wanaonipinga

Wapo wanaoniambia, "Serikali inatoa mbolea ya ruzuku, wewe unahubiri mboji. Unapinga kazi yako mwenyewe?" Sipingi. Mkulima wa mahindi wa ekari tatu asiye na mifugo ana hesabu zake, na sitamdanganya kwamba atazijaza mboji kwa koleo. Ninachosema ni kwamba matuta ya nyumbani yana samadi karibu, maji karibu na macho ya kuyatazama kila siku. Kupulizia sumu mita tano kutoka jikoni, watoto na kuku wakipita, wakati kazi hiyo inafanyika kwa mikono, sioni sababu yake.

Wengine wanasema hailipi kwa sababu gulioni bei ni ile ile. Ni kweli, kijijini usitegemee kulipwa zaidi kwa jina. Faida yako ya kwanza ni ile usiyoitoa mfukoni. Chukua mfano: nyumba inayonunua mboga za shilingi 500 kwa siku inatumia shilingi 182,500 kwa mwaka. Weka kiasi unachonunua wewe, uzidishe mara 365, uone. Hata bustani ikikuokolea nusu, hiyo ni ada, ni sare, ni bima. Mauzo ni nyongeza.

Wa mwisho wanasema ni kazi nyingi. Hilo nalikubali, na ndipo ninapowageukia akina baba. Bustani ya nyumbani imeachiwa mama na watoto: kuteka maji, kupalilia, kuokota wadudu. Siku ikianza kutoa hela, baba ndiye anayejua bei. Hapo mama anaacha kunyeshea, kimya kimya, na bustani inakufa, kisha tunatafuta mdudu wa kumlaumu. Kubeba samadi, kugeuza mboji na kujenga uzio wa kuzuia kuku ni kazi za wenye nguvu. Kaeni chini kabla ya kupanda mkubaliane nani anafanya nini na hela ya mafungu inakwenda wapi.

Fanya hivi mwezi huu

Ukiwa umenisikiliza mpaka hapa, usikimbilie kulima. Wiki hii acha kuchoma majani, anza lundo. Lundo likiwa linaiva, pima tuta moja tu, upana mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, urefu kadiri mboji yako itakavyotosha. Zungushia uzio, maana kuku wana njaa kuliko viwavi. Tafuta mbegu ya mchicha na ya mgagani kwa jirani mwenye mimea mizuri, na vipando vya mchaichai na mnanaa, ambavyo hakuna mtu anayekunyima. Nunua daftari moja. Mboji ikiiva, panda.

Kama eneo lako ni dogo kabisa, gunia linatosha: changarawe katikati kutoka chini hadi juu ili maji yashuke, udongo uliochanganywa na mboji pembeni, miche juu na kwenye matundu ya ubavuni. Usikose mboga kwa kisingizio cha kiwanja.

Na kama kwa sasa bado unatumia dawa kwenye bustani, siwezi kukufukuza. Soma lebo, vaa kinga, heshimu siku za kusubiri, na mboga zako ziuze kwa jina lake. Huku lundo lako likiwa linaiva nyuma ya nyumba, utapunguza taratibu. Mkulima anayesema ukweli kuhusu dawa anayotumia nafanya naye kazi kwa furaha kuliko yule anayejiita hai huku bomba la kupulizia amelificha darini.

Nakutakia msimu mwema. Tukutane bustanini.